Hewa Inayolala Chini

Kuku alifia juu ya mayai yake, wala hakuna askari aliyejisumbua kumwandika.

Inspekta Alinanuswe Mwakalobo alikuwa ameisoma taarifa ya tukio mara mbili garini, na sasa aliisoma mara ya tatu akiwa amesimama katikati ya karakana ya marehemu pale Nanyala. Mwili uliandikwa, mkeka uliandikwa, mtungi mtupu wa gesi uliofungwa blanketi uliandikwa. Kuku hakuwemo. Habari zake alizipata kwa mjane, Roda kwa jina lake, Mama Roda kwa majirani, aliyekuwa ameegemea mwimo wa mlango akijibu maswali kwa sauti isiyopanda wala kushuka. Kuku huyo alikuwa anaatamia chini ya meza ya kazi, wiki ya pili sasa, mayai kumi na moja. Jumapili alasiri mama alipofungua mlango na kumkuta mumewe kwenye mkeka, akiitwa haitiki, kuku naye alikuwa ameshakauka. Akamtupa shimoni na mayai yake, maana nani angekula kibudu, tena cha msibani?

"Kulikuwa na mnyama mwingine humu, mama?"

"Paka. Alilala juu ya kabati. Nilipofungua alishuka akatoka mbio, mzima."

Alinanuswe akaandika: kuku chini, amekufa, paka juu, mzima. Akapiga mstari chini ya maneno hayo, akafunga daftari.

Ilikuwa Jumatano. Kesho yake saa tatu asubuhi Osea, mtoto pekee wa mama huyu, angesomewa shtaka la kumuua baba yake, Mwalimu Ferdinand Nzunda, mstaafu wa miaka sabini na moja. Shtaka la mauaji halina dhamana. Ukishaingia huko unaweza kuota mvi ukisubiri waseme upelelezi umekamilika. Alinanuswe alikuwa amepewa siku moja ya kupitia jalada, si kwamba kuna mkubwa aliyeshuku kitu, bali utaratibu ulitaka sahihi ya pili. Mkuu wake wa upelelezi, Afande Manase, alimkabidhi jalada lile kama mtu anayekabidhi bakuli tupu likaoshwe.

Na kwa kweli jalada lilikuwa limeshiba. Daktari alisema mzee amekufa kwa kukosa hewa, na mwili hauna jeraha. Jirani, Josephat, alisema Jumapili asubuhi alimsikia Osea akifoka karakanani, "Utakufa na vindege vyako hivi," kisha akamwona anatoka na kupanda gari kwa hasira. Mtungi uliokutwa pale ulikuwa mgeni, mama mwenyewe hakujua ulikotoka, na Osea aliapa hajawahi kuuona, wakati alama za vidole vyake zilikuwa zimeujaa. Manase akajumlisha: kijana alimziba baba yake pumzi kwa mto, akaacha mtungi ili gesi ibebe lawama. Hoja yake kubwa ilikuwa mlango. Chini ya ule mlango palikuwa na mwanya ambao paka alipita bila kuinama. Gesi gani, aliuliza Manase, ingekaa kwenye chumba kama hicho ikimngoja mtu afe?

Swali lilikuwa zuri. Alinanuswe akalinakili daftarini.

Sajenti Edson, aliyefuatana naye, alikuwa amesimama mbele ya rafu ya vindege bila kugusa kitu. Miaka ishirini iliyopita alikuwa mwanafunzi wa ufundi wa Mwalimu Ferdinand, na tangu washuke garini alikuwa amesema maneno matatu tu. Alinanuswe akamwomba amweleze hizi ni nini.

Edson akashusha kimoja kwa mikono miwili. Mabawa yake yalikuwa ya karatasi nyembamba iliyokazwa juu ya mbavu za mti mwepesi kama bua. Puani kulikuwa na injini isiyozidi kifundo cha kidole, na nyuma yake kitenki cha shaba.

"Haina petroli, afande, wala cheche," alisema. "Inatumia kaboni dioksaidi, gesi ileile inayotia soda mapovu. Unaijaza kwenye kitenki hiki ikiwa majimaji, ya baridi kali. Ikitanuka inasukuma pistoni, pistoni inagonga gololi ya vali, gololi inaruhusu nyingine iingie. Dakika moja hivi, basi, imekwisha."

Gesi yenyewe, aliendelea kueleza, mwalimu aliipata kwenye vidonge vya chuma vya ukubwa wa kidole gumba, vile vya kutengenezea soda mahotelini. Mwaka huu vilimwadimikia. Tena injini hizi hazipendi baridi. Mwalimu alikuwa akiwatania wanafunzi kwamba zina tabia za watu wa Momba, kule bondeni kwenye joto, zikipanda baridi ya Mbozi mwezi wa sita zinajikunyata tu kwenye kona. Ndiyo maana kila kitu cha gesi alikiweka ndani na kukifunika.

"Hata mtungi ungefungwa blanketi?"

"Angeufunga, afande. Angeuimbia na nyimbo kama ungesikia."

Alinanuswe akalitazama lile blanketi. Mtungi unaovuja hupiga mluzi. Mtungi uliofungwa blanketi zito hupumua tu, na mzee wa miaka sabini hawezi kusikia.

Kabla ya kwenda mbele alitaka kuondoa takataka moja njiani. Mitaani walikuwa wanasema mwalimu alikuwa akirusha dhahabu ya Saza kwenda Zambia kwa vindege hivyo, na kwamba aliuawa na wenzake wa magendo. Lisemwalo lipo, kama halipo laja, na hili lilikuwa limeshafika hadi ukurasa wa nne wa jalada. Alinanuswe akavua pete yake ya ndoa, akaifunga kwa uzi chini ya tumbo la kile kindege. Edson akatafuta kwenye mikebe, akapata kidonge kimoja cha mwisho, akakijaza kitenki. Kitenki kikaota ukungu mweupe vidoleni mwake. Walitoka uani, Edson akasukuma panga boi kwa ncha ya kidole, injini ikaanza kuunguruma kama nyuki ndani ya chupa.

Kindege kiliruka hatua sita, kikazunguka kulia, kikaanguka kwenye kichanja cha kahawa iliyoanikwa. Mpaka ulikuwa mbali, mwendo wa saa nzima kwa basi. Alinanuswe akafungua pete yake, akaufuta ukurasa wa nne kwa kalamu, nao wakapanda gari kwenda Tunduma.

Malori yalikuwa yamepanga foleni tangu mbali kabla ya mji, madereva wamelala chini ya matela, na kutoka hapo iliwachukua dakika arobaini kufika mahabusu. Osea Nzunda aliletwa peku, suruali ameishika kwa mkono kwa sababu mkanda ulikuwa umechukuliwa. Alikuwa na miaka thelathini na minane na alifanya kazi kwa wakala wa forodha. Alikaa akatazama meza.

Alinanuswe hakuuliza habari za mtungi. Aliuliza habari za vidole. Gumba na cha shahada vya mkono wa kulia vilikuwa na malengelenge meupe nchani.

"Maji ya moto, afande," Osea alisema.

"Maji ya moto yanachagua?"

Osea akavificha vidole chini ya meza. Alinanuswe akamwambia taratibu kwamba ameona kitenki cha injini kikiota ukungu leo asubuhi, kwamba chuma kilichopitisha gesi ile hunata kwenye ngozi na kuiunguza kwa baridi, na kwamba hivyo vidole vimeshika koki ya mtungi Jumapili. Kesho saa tatu anakwenda kusomewa mauaji. Akitaka kuendelea kuficha, afiche, lakini mficha uchi hazai.

Nje dereva mmoja alikuwa anagombana na mchuuzi wa kubadilisha kwacha, Kiswahili nusu, Kibemba nusu.

Kisha Osea akasema yote, bila machozi, kama mtu anayesoma orodha ya mizigo. Mtungi aliutoa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, kwa mtu aliyekuwa anafunga biashara ya soda. Aliupitisha njia ya panya, kwenye baiskeli, umefunikwa na mkungu wa ndizi. Mtu wa forodha akikamatwa na magendo, kazi imekwisha, ndiyo sababu akakana. Alitaka kumshangaza mzee. Gesi ya mwaka mzima, ili asihangaike tena na vidonge. Jumapili aliufikisha alfajiri, wakajaribu pamoja kujaza injini, koki ikamuunguza. Ilikuwa haifungi vizuri mpaka uikaze kwa spana, na mzee alisema ataikaza mwenyewe.

"Na kufoka kulitokea wapi?"

"Siku ile binti yangu alikuwa anapata kipaimara, afande. Mjukuu wake wa kwanza. Tumevaa, tunamngoja, yeye anasema hawezi kutoka, anaufunga mtungi blanketi. Ndipo nikasema hivyo nilivyosema." Akavigusa vile vidole. "Mdomo umeniponza."

"Ulipotoka mlango ulibaki wazi?"

"Niliufunga. Ila ule mlango, afande, ukifungwa ni sawa na haujafungwa. Chini paka anapita."

Hapo palikuwa palepale pa swali la Manase. Alinanuswe akamshukuru, akamrudisha ndani. Njiani kurudi alisimamisha gari kwenye kituo cha mafuta, akaandika hati ya kuazima mitungi miwili ya kuzimia moto, ile yenye kaboni dioksaidi, na dukani akanunua mishumaa.

Saa tisa mchana walikuwa tena Nanyala. Upepo wa kipupwe ulikuwa umeamka na mama alikuwa amejifunga shuka mabegani. Alinanuswe alimweleza kwamba wanataka kujua gesi ikitoka inakaa wapi. Mama aliitikia tu kwa kichwa. Waliweka mshumaa mmoja sakafuni ulipokuwa mkeka, mmoja juu ya kigoda, mmoja juu ya meza. Edson akaufunga kwa waya mkono wa mtungi wa kwanza ili utoe gesi pole pole, akatoka haraka, akafunga mlango. Wote watatu wakasimama dirishani, dirisha la kioo kisichofunguka, wakatazama.

Mshumaa wa sakafuni ulitikisika, ukainama, ukazimika. Wa kigoda ukaendelea kuwaka, na wa meza vilevile. Wakangoja. Edson akaenda mlangoni, akawasha kiberiti, akakishusha kwenye mwanya wa chini. Kikazimika kana kwamba kimechovywa majini. Akawasha kingine, kikazimika.

"Inatoka, afande," alisema. "Inamwagika hapa kama maji."

Nusu saa baadaye walifungua. Alinanuswe akapiga magoti, akawasha kiberiti sakafuni kabisa, kikawaka vizuri. Gesi ilikuwa imekwenda zake. Basi Manase alikuwa sahihi. Mzee aliyelala kwenye mkeka angeumwa kichwa, labda angetapika, lakini asingekufa, kwa sababu mlango ungemwaga kile kilichokuwa kinamuua.

Alibaki amepiga magoti kizingitini, kiberiti kimemfia mkononi, na ndipo alipoona maganda. Yalikuwa maganda makavu ya kahawa, machache, yamejipanga kwenye ufa wa saruji upande wa nje, kwa urefu wa mlango mzima. Vichanja vilikuwa upande wa pili wa nyumba. Upepo ungeyaleta ungeyatawanya, usingeyapanga mstari.

"Mama, haya yamefikaje hapa?"

Mama Roda akachungulia. "Ya gunia langu hayo."

"Gunia gani?"

Hata hakufikiri. Alizunguka jikoni akarudi na gunia refu, jembamba, limeshonwa kama soseji na kujazwa maganda ya kahawa. Alieleza kwa utulivu uleule wa asubuhi. Karatasi za vindege ni nyepesi, upepo ukipita chini ya mlango unazipeperusha kabla gundi haijakauka. Kwa hiyo tangu mzee astaafu, kila akijifungia kufanya kazi, humwita, na yeye huliweka gunia kwa nje, maana ukiliweka kwa ndani upepo unalisukuma, halikai. Mlango unafunguka kwa nje, akitaka kutoka hulisukuma tu, si zito. Jumapili pia alimwita. Yeye ameshavaa, anakwenda kanisani, anasikia, "Mama Osea, ziba." Akaziba. Alasiri alipotoka kwenye sherehe akaliondoa, akafungua.

"Hukuwaambia askari."

"Hawakuniuliza. Ningewaambia nini, mwanangu? Ni gunia."

Edson aligeuka akatazama barabara. Alinanuswe hakugeuka. Alimwambia Edson arudishe mishumaa mahali pake na kuufunga waya mtungi wa pili.

Safari hii mama mwenyewe ndiye aliyeliweka gunia. Hakuna aliyemwomba. Alilikanyaga kwa mguu, mara mbili, upande huu na upande ule, likakaa. Kisha akaja dirishani, akasogea karibu na kioo hata pumzi yake ikakitia ukungu, akaufuta kwa shuka.

Mshumaa wa sakafuni ulizimika mapema. Baada ya muda ukazimika wa kigoda, bila kutikisika. Walingoja saa nzima. Wa mezani uliwaka mpaka mwisho, na juu yake, kwenye kabati, palikuwa mahali pa paka.

"Mgongo ulikuwa unamsumbua," mama alisema, macho hajayatoa kwenye kioo. "Akichoka hujinyoosha chini kidogo. Ndiyo kazi ya ule mkeka."

Alinanuswe akasogea pembeni, akampigia simu Manase. Mkuu alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema jambo moja tu. Mishumaa ni mishumaa. Bila maelezo ya maandishi ya aliyeliweka gunia, yeye ana mtoto aliyedanganya na mtungi wenye alama za vidole vyake, na saa tatu itafika kama kawaida.

Edson aliongea kwa sauti ya chini. Akauliza kama haiwezekani kuandika kwamba mzee mwenyewe aliziba mlango. Aliyaona magumu ya swali lake kabla hajalimaliza. Gunia lilikaa nje.

Wakaketi kwenye benchi la ukumbini, Alinanuswe na fomu zake, mama na mikono yake mapajani. Sheria ilitaka onyo litangulie, na Alinanuswe alilisoma lote. Kwamba halazimiki kusema neno. Kwamba atakachosema kitaandikwa, na kinaweza kutumika kumshtaki kwa kusababisha kifo bila kukusudia. Akaongeza la kwake ambalo halimo kwenye fomu, kwamba hadhani kuna wakili wa serikali atakayefika huko, lakini hawezi kumwahidi.

"Usipoandika gunia, Osea anarudi?"

"Harudi, mama."

"Andika gunia."

Aliandika. Mama alitamka kila kitu kwa mpangilio, alivyoitwa, alivyoziba, alivyoondoka. Kwenye habari za mtungi akasita.

"Huu nao lazima uwemo?"

"Lazima. Gesi ilitoka humo."

"Na koki? Kwamba haikuwa nzima?"

"Nayo."

Mama akafikiri. "Sawa," alisema. "Yako ni karatasi. Mdomo ni wangu." Akasaini kwa mwandiko wa shule, herufi moja moja.

Alhamisi saa mbili asubuhi Osea alitolewa. Mama Roda alikuwa kwenye benchi tangu saa kumi na mbili, amekuja na basi la kwanza. Hakusimama. Osea alikuja peku mpaka mbele yake, akachuchumaa, akamwamkia. Koplo wa kaunta aliweka mkanda na viatu juu ya meza, akaenda kutafuta kitabu cha kusaini.

"Mama, ni ule mtungi?" Osea aliuliza. "Niambie. Usiku kucha nimefikiria. Ni ule mtungi nilioleta mimi?"

Alinanuswe alikuwa hatua mbili tu, jalada kwapani. Ukurasa wa kumi na sita ulikuwa na koki, spana, na jina la aliyeuleta.

"Mtungi haukuwa na neno," Mama Roda alisema. "Ni mimi. Niliziba mlango kwa gunia, hewa ikamwishia. Wamepima kwa mishumaa, nimeona kwa macho yangu."

Osea alibaki amechuchumaa. Uso wake ulifanya jambo ambalo Alinanuswe alikuwa ameliona mara chache sana pale kaunta. Ulimhurumia mama na ukapumua, vyote kwa pamoja, na hakujua kwamba unaonekana. Kisha akainua macho kwa Inspekta.

"Kweli, afande?"

Mama Roda naye akamtazama. Ilikuwa mara ya kwanza, tangu Jumatano asubuhi, kumtazama moja kwa moja.

Katika miaka kumi na sita ya kazi Alinanuswe alikuwa amekataa maelezo ya uongo ya wezi, ya mashahidi, na mara mbili ya wakubwa wake. Alilihamishia jalada kwapa la pili.

"Ndivyo mama alivyoandikisha," alisema.

Koplo alirudi na kitabu. Osea akasaini, akavaa mkanda, akainama kufunga viatu, na mama akamshikia bega ili asiyumbe.